Kabla Hujahamisha Ofisi ya Buhongwa

Mwanangu Kabula,

Nimekaa uani, saa kumi jioni, wewe umekwenda kuwaaga wenzako. Begi lako limeshafungwa. Baba yako amelifungua mara mbili kuangalia kama limefungwa vizuri. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Dar, na Alhamisi utakaa mezani na wale wageni wako. Watakuwekea karatasi mbele yako usaini kwamba kampuni yenu inaondoka Mwanza, ofisi ya Buhongwa inafungwa, na wewe na Masalu mwenzako mnaanza upya kule kwa fedha zao. Ukishasaini hakuna kurudi nyuma, umeniambia mwenyewe. Ndiyo maana naandika sasa hivi. Nikisubiri kesho stendi nitalia tu, na mtu anayelia hasikilizwi.

Sitakuambia ule kabla ya safari wala uangalie simu yako isiibwe. Hayo baba yako atayasema mpaka dereva awashe gari. Mimi nina mambo yangu mawili matatu niliyoyakalia miaka mingi, mengine ya aibu, na leo nimeamua kuyatoa.

Kwanza nikiri. Nimeingia chumbani kwako nikasoma ile karatasi uliyobandika ukutani. Umepiga mstari katikati, Mwanza huku, Dar kule, na chini yake umeandika umeme, intaneti, kodi ya ofisi, mafundi wa kompyuta, wanasheria, uwanja wa ndege, wawekezaji. Kila kimoja umekiwekea alama. Dar imeshinda, tena vibaya. Nimehesabu mara mbili nikitafuta pa kukuibia kura, sikupaona. Intaneti ya Buhongwa inakatika, naijua, nimekuona umekaa na simu mkononi juu ya stuli ukitafuta mawimbi kama mtu anayetafuta kuku juu ya paa. Yule binti fundi mliyemfundisha wenyewe mwaka mzima alichukuliwa na kampuni ya Dar ndani ya wiki moja. Na mwanasheria mliyempata hapa alizoea mashamba na mirathi, akawaandikia hisa zenu kana kwamba anagawa ng'ombe wa marehemu. Nilicheka siku ile, lakini nilikuona hukucheka.

Kwa hiyo usidhani mama yako hajui. Najua vijana wanaoanzisha kampuni hizi wanakwenda walipo wenzao, ili wakikwama waulizane, na ili wenye fedha wawaone bila kuwatafuta. Hata sisi wa dagaa tunakaa pamoja, hakuna anayeanika peke yake nyuma ya mlima. Hilo silipingi hata kidogo.

Ninachokipinga kilianza mezani kwangu, mwezi uliopita, wageni wako walipokuja. Walikuwa wawili, mama mmoja wa makamo mwenye heshima zake, na kijana wa miwani aliyeniambia "Habari za leo, mama." Nadhani shikamoo aliisahau kwenye ndege. Nikawapikia sato, wakala mpaka kichwa. Halafu ukafungua kompyuta ukawaonyesha ule mstari wa matumizi ya programu yenu ya bei za dagaa, unaopanda na kushuka. Kila mwezi unapanda vizuri, halafu unaanguka, unalala chini siku karibu kumi, kisha unainuka tena. Yule kijana akaweka kidole hapo ulipolala.

"Tatizo lenu liko hapa," akasema. "Kila mwezi wateja wanawakimbia."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka chenyewe, ukanikata jicho. Ukamweleza kwa upole kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, gizani, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Hakuna wa kuandika kwenye programu hiyo kwamba leo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, pameshuka magunia kadhaa, na hakuna mnunuzi wa Dodoma wala wa Kongo wa kuagiza. Hawajakimbia, wanangoja giza lirudi.

"Nakuelewa, dada," akasema. "Lakini mwekezaji haelewi mwezi."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaandika. Ndipo ikaanza habari ya Dar. Mkiwa kule mtapata wateja wa kila namna, wenye maduka, wenye bodaboda, wenye saluni, na ule mstari utanyooka. Dagaa iwe tu hadithi nzuri ya mlikoanzia.

Kabula, zile siku kumi nazijua kuliko wewe na kuliko yeye. Ndizo zilizonimaliza.

Ulikuwa darasa la tatu nilipokwenda Dar. Bibi yako alikuambia mama amekwenda kupanua biashara, na mimi nikaacha ibaki hivyo mpaka leo. Mjomba wako Deus ndiye aliyenishawishi. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. "Dada, unakaaje mkoani wakati wanunuzi wako wote wako huku? Mtu mwenye akili anakaa karibu na hela." Hoja yake ilikuwa nzuri, kama ya wale wageni wako. Nikaiambia familia nzima kwamba nahama kwa hesabu.

Haikuwa hesabu. Ilikuwa hivi. Mwaka mmoja kabla yake nilikwenda kwenye harusi ya mjomba wako kule Dar, wakanikalisha na wake za wafanyakazi wenzake. Mmoja akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nina biashara ya samaki, ya jumla. Akauliza wapi. Nikasema Mwanza. Akasema, "Aa, mkoani," akageukia upande wa pili kuzungumza na mwingine. Basi. Hakunitukana. Lakini ile "aa" ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwaka mzima nilikuwa nikiimeza haishuki. Nilihama kwa ajili ya ile "aa". Nikamwacha mtoto wa darasa la tatu kwa bibi yake kwa sababu ya mwanamke ambaye hata jina lake sikulishika. Sijawahi kumwambia mtu.

Nikapata kibanda kwenye soko moja kule, nikaandikisha jina langu kwenye ubao kwa rangi nyekundu. Miezi mitatu mambo yakaenda. Magunia yalikuwa yakija kwa lori, nauza, nacheka. Siku za mbalamwezi nilimpigia Mzee Bwire, aliyekuwa na mitumbwi minne ya dagaa na ndiye niliyekuwa nikichukua kwake miaka yote. Ananiambia, "Mwezi umekuwa mkubwa, mama. Hakuna kitu. Pumzika." Na mimi nikapumzika kweli! Nikasuka nywele. Nikalala mchana. Nikajiona nimekuwa tajiri, mtu ambaye kazi yake ina likizo.

Hapa Mwanza sikuwahi kupumzika siku hizo hata mara moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilikuwa nachukua chupa mbili za chai na vitumbua, nakwenda kukaa mwaloni. Wavuvi wanashona nyavu, mafundi wanaziba mitumbwi, watu wana muda. Huyu anakuambia mtoto wake amelazwa, unakwenda kumwona. Yule amegombana na mwenye mtumbwi, unawapatanisha au unajifanya hujasikia. Dagaa haitajwi. Lakini mwezi ukianza kupungua, bila mtu yeyote kuahidi chochote, kila mmoja anajua mzigo wa kwanza wa Mzee Bwire ni wa Mama Kabula, na ni ule ulioanikwa kwenye chanja, siyo wa mchangani. Mimi nilidhani kule nilikuwa nakwenda kwenye umbea tu. Nilidhani biashara ni siku dagaa wanapouzwa.

Mwezi wa nne magunia yakafika, juu yamependeza, chini mchanga mtupu na dagaa walionyeshewa mvua wakaanikwa upya, weusi, wanavunjika ukiwagusa. Nikampigia Mzee Bwire nikiwa nimewaka.

"Pole, mama," akaniambia. "Wale wazuri wameshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na huyu anayekaa na sisi."

Huyo anayekaa na wao alikuwa Mama Nyangeta, wakati ule msichana tu kutoka upande wa Musoma, mtoto mgongoni, chupa moja ya chai. Hakuniibia. Alikuta pako wazi akakaa. Nilimchukia miaka miwili, leo ni rafiki yangu, na mpaka leo ana maringo, ananiudhi.

Na wanunuzi wa Dar, unajua walinifanya nini? Hakuna hata mmoja aliyenigombeza. Walinunua mara moja, wakaona mchanga, wakawa wanapita mbele ya kibanda changu wananisalimia kwa sauti tamu, "Za siku nyingi, mama," wanakwenda kununua kwa jirani. Nilikuwa nauza kwa watu wasionijua vya kutosha hata kunitukana. Ningetukanwa ningejirekebisha. Nilisalimiwa mpaka mtaji ukaisha.

Baba yako amepita hapa akauliza naandika nini. Nimemwambia ni orodha ya sokoni. Amesema orodha gani ya kurasa nne, akaenda kulifungua begi tena.

Sasa nikumbushe jambo ambalo wewe uliliona kama balaa. Siku ile Mama Nyangeta alipopanda mpaka ofisini kwenu Buhongwa, jasho linamtiririka, simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwepo, nilikuletea chakula. Hakuketi.

"Nani hapa kaandika dagaa?" akauliza.

Masalu, maskini, akanyoosha mkono kama yuko shuleni.

"Dagaa gani? Ya mchangani au ya kwenye chanja? Mnaziandika pamoja bei moja, mtu wa Dodoma ananipigia ananiita mwizi! Mimi mwizi? Nyie mmesoma mpaka wapi?"

Alisema robo saa nzima. Akawasema na wazazi wenu, na mimi nimekaa palepale. Alipoondoka ulikuwa karibu kulia. Lakini kabla ya jua kuzama mlikuwa mmetenganisha bei, na keshokutwa yake nikasikia wanawake mwaloni wanasema, "Siku hizi ule mtambo wa Kabula una akili." Yule kijana wa miwani angeligunduaje lile akiwa ghorofani? Angeona tu mstari umeshuka, akasema wateja wanakimbia.

Kwa hiyo nimechukua kalamu yako nikaongeza mstari mmoja kwenye karatasi yako ya ukutani. Nimeandika, "Anayeweza kuja kutugombeza kwa miguu." Nimeweka alama upande wa Mwanza. Usikasirike, Dar bado inaongoza.

Lakini nataka uupime ule mstari vizuri, maana siyo sawa na kodi ya ofisi. Umeme unaweza kununua betri. Mwanasheria akae Dar, mtapigiana simu. Fundi mwingine mtamfundisha, ataondoka, mtamfundisha mwingine, inauma lakini inawezekana. Mama Nyangeta hanunuliki wala hatumwi. Na atakayewanyang'anya biashara hii, mwanangu, hatatoka Dar na kompyuta. Atatokea palepale mwaloni, siku ya mbalamwezi, ameshika chupa ya chai, na nyie mtakuwa mko kikaoni mnanyoosha mstari.

Wanasema mwekezaji haelewi mwezi. Basi ajifunze! Wewe ulijifunza hisa, ukajifunza yale maneno yao yote, ukakaa usiku na kamusi. Mtu anataka kuweka fedha yake kwenye dagaa halafu kuangalia juu tu ashindwe? Na kwa nini kila mara anayetakiwa kuhama ni mtu, fedha yenyewe haihami? Walipanda ndege wakaja hapa, wakala sato wangu, wakarudi wazima. Ndege ile inaruka pande zote mbili. Nakasirika ninapoandika haya, mwandiko wangu unauona.

Sasa lile zito. Nimezunguka kurasa zote hizi ili nisilifikie.

Siku ile nilipowasindikiza wageni wako mpaka getini, wewe ulikuwa ndani unatoa sahani. Yule mama akanishika mkono akaniuliza, "Mama, utamwachia binti yetu aje Dar? Usije ukamwonea huruma ukamng'ang'ania." Nikacheka, nikamwambia, "Mchukueni tu. Kwani huku kuna nini?"

Nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni na kitambaa cha meza mkononi. Ulinitazama, ukarudi ndani. Wiki iliyofuata ile karatasi ikapanda ukutani.

Unajua tunavyoongea na wageni. Tunachinja jogoo halafu tunasema karibuni, hatuna kitu. Nyumba nzuri tunaiita kibanda, mtoto mwenye akili tunasema anajitahidi hivyohivyo. Nilisema vile kwa adabu, nimelelewa hivyo, na ningekuwa nimesema mbele ya mtu wa hapa angejua la kutoa na la kubakiza. Wale hawakujua. Walilichukua lilivyo, na wewe ambaye ni wa hapa ukalichukua lilivyo pia, kwa sababu ulikuwa umechoka na ulikuwa unasubiri mtu mmoja tu aseme vinginevyo. Mtu huyo nilikuwa mimi. Na nisijifiche nyuma ya adabu peke yake. Ndani yake kulikuwa na ile "aa". Miaka yote hii nilidhani nimeimeza, kumbe nilikuwa nimeihifadhi nikaja kukuvisha wewe.

Nalifuta neno lile. Nisamehe.

Huku kuna nini? Kuna wanawake wanaolisha dagaa mpaka Kongo na hawajawahi kuitwa kwenye kikao chochote, na wewe ndiye wa kwanza uliyewauliza wanaandika bei zao vipi. Kuna ofisi ya vyumba viwili Buhongwa yenye feni inayopiga kelele, na mtu akiwa na shida na programu yenu anaifikia kwa nauli ya kwenda na kurudi. Kuna wewe. Ulizaliwa hapa, hilo lingetosha, lakini pia ulichagua hapa ulipomaliza chuo, wenzako wote walipokwenda na wewe ukarudi na begi lako ukasema, "Mama, watu ninaotaka kuwafanyia kazi wako huku." Nilikuona kichaa. Leo nasema nilikuwa na mtoto mwenye akili kunizidi na nilikuwa sijamwambia.

Kwa hiyo nenda. Sikuzuii kwenda Dar, na kweli nataka uende, ukae nao, uwasikilize mpaka mwisho, maana nao wana ya kukufundisha. Kama Alhamisi utahesabu kwa kichwa chako na kuona kampuni itakufa isipohama, saini, wala usinionee haya. Nitapanga magunia yangu nikifurahi. Lakini uhame kwa hesabu. Ukiona mkono wako unasaini kwa sababu mtu amesema mkoani, au kwa sababu mama yako alisema huku kuna nini, weka kalamu chini. Waambie ofisi inabaki Buhongwa, na wewe utapanda kwenda kwao kila watakapokuita, na zile siku kumi hazijadiliwi. Watakasirika. Labda watainuka na fedha zao. Zikienda, zimekwenda, tulikuwepo kabla hazijaja. Mimi nilipoteza kila kitu nikiwa nimekubali kila nilichoambiwa. Sijaona kilichonisaidia katika kukubali.

La mwisho ndilo hili. Niliporudi kutoka Dar nimefilisika, nilimwomba konda anishushie Buhongwa, kabla ya kufika Nyegezi, kwa sababu stendi ya Nyegezi kuna watu wanaonijua. Nikajitanda kanga mpaka machoni, nikapita vichochoroni mchana wa jua kali na mzigo kichwani, nimebadilisha njia mara tatu. Baba yako alinifungulia mlango, akaniwekea maji ya kuoga. Ni yeye tu alijua nimerudi, kwa siku nne. Sikwenda hata kukuona kwa bibi yako, nilikuwa nangoja uso urudi. Siku nne, Kabula, uko umbali wa kutembea.

Wewe ukikataa kusaini na ukarudi mikono mitupu, usije kwa mwendo ule. Mabasi siku hizi yanatembea usiku na mchana, chagua linalofika mchana. Shukia Nyegezi, stendi kabisa, katikati ya watu. Nipigie ukifika Usagara. Nitakuja kukupokea moja kwa moja kutoka mwaloni, na sitabadilisha nguo.

Mama yako